Sukari ya kwenye chupa na sukari ya bibi

Najua nimepotea. Kwanza zilikuwa test mfululizo, halafu nikaenda nyumbani Mbulu kumwona bibi, na niliporudi nikakuta hosteli haina maji siku ya nne. Sasa nimepumua kidogo. Leo sina umbea wa chuo, mnisamehe. Nina stori ndefu ya kihistoria, na inaanzia kwenye chupa.

Kwenye jengo letu kuna kachumba ka kukuzia seli kwa ajili ya kazi za virusi vya mifugo. Sisi huwa tunachungulia tu kioo cha mlangoni. Juzi fundi wa maabara akaniita nimsaidie kupanga friji, na ndani yake kumejaa chupa za maji ya pinki, utadhani juisi ya matunda damu. Hicho ndicho chakula cha seli: chumvi, vitamini, amino asidi na sukari. Nikasoma lebo. Glukosi, gramu 4.5 kwa lita. Nikatoa simu nikapiga hesabu ya kuigeuza kuwa vile vipimo vya hospitali. Jibu likaja 25.

Nikaganda pale na mlango wa friji wazi mpaka fundi akanigombeza. Maana mimi namba hizo nazijua. Mtu akiamka asubuhi bila kula, sukari yake inatakiwa iwe kwenye 5 hivi. Ikifika 7 hajala kitu, daktari anaanza kuzungumza habari za kisukari. Bibi yangu siku aliyopimwa mara ya kwanza alikuwa na 19, na watu walikimbizana. Kumbe hapa seli zinakula 25 kila siku na lebo inasema ndicho chakula chao cha kawaida!

Basi nikashindwa kulala, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua jambo moja: hao wanaokuza seli za jicho kwenye sahani ili waone sukari inazifanya nini, wanaanzia wapi kama chakula chenyewe tayari kina kisukari? Jibu nimelipata nusunusu, lakini njiani nimekutana na mengine.

Kwanza niwaambie ya bibi, ndiyo sababu ya yote haya.

Bibi yangu ni mkulima wa vitunguu saumu. Kama hamjui, saumu nyingi nzuri mnazokaangia hapo mjini zinatoka Mbulu kwetu. Miaka kama mitatu iliyopita akaanza kulalamika kwamba anaona "moshi". Kila mtu kijijini akasema ni mtoto wa jicho, subiri likomae litolewe. Akasubiri. Kisukari chenyewe alikuwa nacho kwenye daftari, kila mwezi anapimwa kidole kwenye kliniki fulani ambayo siitaji, anaambiwa "bibi unaendelea vizuri". Na kweli sukari ilishuka. Ila ndani ya miaka yote hiyo hakuna aliyemmulika jichoni hata mara moja. Yeye mwenyewe naye alikuwa haamini. Aliniambia, "Mume wangu, sukari ni ugonjwa wa watu wa Arusha wanaokaa kwenye viti. Mimi nimelima tangu sijaolewa." (Ndiyo, mimi ni mume wake, na wajukuu wote wa kiume ni waume zake, msishangae.) Akawa anatafuna saumu mbichi asubuhi na jioni, basi.

Mwishowe mama mdogo akampeleka Moshi. Wakamweka matone ya kupanua mboni, wakampiga picha ya nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho lilikuwepo dogo tu, la kawaida kwa umri wake. Kilichokuwa kinamla ni retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mama mdogo alinitumia ile picha. Ni kama mwezi mwekundu wenye madoadoa ya damu na vipande vya njano kama mafuta yaliyoganda. Jicho la kushoto walisema wamechelewa. La kulia walimpiga leza, na anaendelea kwenda.

Sasa historia. Hayo madoa yalianza kuonekana lini?

Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kutazamia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kabla ya hapo mboni ilikuwa shimo jeusi tu, hakuna aliyejua nyuma yake kukoje kwa mtu anayepumua. Miaka minne tu baadaye, 1855, Eduard Jaeger wa Vienna akaeleza mabadiliko aliyoyaona kwenye retina ya mgonjwa wa kisukari. Lakini wenzake hawakukubaliana haraka kama kweli sukari ndiyo chanzo. Na wagonjwa wenyewe, hasa vijana, hawakuwa wanaishi muda mrefu wa kutosha macho yaharibike. Hilo lilibadilika tarehe 11 Januari 1922 pale Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa sindano ya kwanza ya insulini. Watu wakaanza kuishi na kisukari miaka 20, 30... na ndipo upofu wake ukajitokeza kwa wingi. Dawa iliyowaokoa iliwapa muda wa kufikia tatizo lililokuwa linawangoja mbele. Sisemi kwa ubaya, ni hivyo tu ilivyotokea.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo nilipopapenda. Ukitazama nyuma ya jicho kwa kifaa unaona nini? Mishipa ya damu. Inaonekana kwa sababu ni myekundu. Seli za neva, zile zinazofanya kazi yenyewe ya kuona, ni angavu kama kioo, maana mwanga inabidi upite katikati yake. Huzioni. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100 ugonjwa huu ukaitwa ugonjwa wa mishipa, kwa sababu mishipa ndiyo iliyokuwa inaonekana.

Miaka ya 1960 kule Marekani, David Cogan na Toichiro Kuwabara walitumia mbinu maarufu sana. Walichukua retina za marehemu wakaziloweka kwenye tripsini, kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho, kikameng'enya nyama yote laini na kubakisha mtandao wa mishipa peke yake, safi kama kiunzi cha jani lililoliwa na wadudu. Wakaona vizuri kabisa jinsi kisukari kinavyoua seli zinazoshikilia kuta za mishipa midogo. Kazi kubwa, bado inatajwa. Lakini hebu fikirieni, hiyo "nyama laini" iliyooshwa na kumwagwa ni nini? Ni seli za neva! Ili waone mishipa iliwabidi wayeyushe kile kinachoona. Miaka hiyohiyo, 1961 na 1962, J. Reimer Wolter na J. M. B. Bloodworth waliandika kwamba seli za neva nazo zinakufa kwenye retina ya mwenye kisukari. Walichapishwa, wakasomwa, halafu mambo yakaendelea kama yalivyokuwa.

Mpaka 1998. Alistair Barber na wenzake huko Pennsylvania waliwapa panya kisukari, na mwezi mmoja tu baadaye wakakuta seli za neva za retina zinajiua kwa kiwango cha mara kumi ya kawaida. Baada ya miezi saba na nusu, zile seli zinazopeleka picha kwenye ubongo zilikuwa zimepungua kwa asilimia 10. Walikagua na macho ya binadamu waliokufa wakiwa na kisukari, nako wakakuta dalili hizohizo. Yaani neva zinaanza kuondoka mapema sana. Na neva ikifa haizai nyingine.

Kwa nini neva? Seli za misuli zina mlango ambao insulini huufungua na kuufunga. Retina mlango wake hausubiri insulini. Sukari ikijaa kwenye damu, inaingia tu.

Sasa ukitaka kujua kwa hakika kama ni sukari yenyewe inayoua neva, au ni mishipa mibovu inayoziacha na njaa, inabidi uzitoe neva nje ya jicho uziweke peke yake kwenye sahani. Hapo hakuna mishipa wala damu, unawapa sukari ya kiasi unachotaka. Kusema ni rahisi.

Mtu wa kwanza kuotesha neva nje ya mwili alikuwa Ross Harrison, Marekani, 1907. Alichukua kipande cha kiinitete cha chura, akakining'iniza kwenye tone la limfu chini ya kioo, akakaa kuangalia kwa darubini uzi wa neva ukirefuka. Lakini hicho kilikuwa kiinitete, kitu kichanga, kina hamu ya kukua. Neva ya mtu mzima ni habari nyingine. Haigawanyiki. Na zile seli za retina zinazopeleka picha zina mkia mrefu unaotoka jichoni mpaka ndani ya ubongo. Ukiitoa retina, mkia wote umekatika. Ni kama kung'oa mti kwa kukata mizizi halafu unaupanda kwenye kopo. Bila kuupa vile virutubisho vya ukuaji ulivyokuwa ukivipata kutoka kwenye ubongo, unakauka ndani ya siku chache.

Namna ya kuzitenganisha imenichekesha. Unaibandua retina (chini ya nusu milimita unene), unailoweka kwenye papaini. Papaini ni utomvu wa papai! Huohuo wa kulainishia nyama ngumu ya sikukuu. Utomvu unakata gundi kati ya seli, unazitikisatikisa taratibu kwa kunyonya na kutema na mrija, unaziweka kwenye sahani iliyopakwa protini ya kushikia. Mwaka 1988 Ben Barres na wenzake walibuni njia ya kunasa zile seli za mkia mrefu peke yake kwa kutumia kingamwili zilizobandikwa chini ya sahani, nyingine zote zikaoshwa. Lakini hizo nazo zilikuwa za panya wachanga. Na wengi mpaka leo wanafanya hivyo, wanatumia vichanga, kwa sababu vinaishi. Wakati kisukari cha aina ya bibi yangu ni cha watu wazima! Unauliza swali la mzee kwa kichanga.

Wengine wakatafuta njia ya mkato zaidi, na hapa ndipo niliposimama nikatembea chumbani. Mwaka 2001 maabara moja ya Texas ilitangaza imepata seli za retina ya panya mkubwa zisizokufa, zinazogawanyika zenyewe, zikaitwa RGC-5. Neema kubwa. Huna haja ya papai wala kuua panya, unaagiza tu. Zikasambaa dunia nzima, watu wakazilisha sukari nyingi, wakaandika makala, zaidi ya 200 kwa jumla ukihesabu na za magonjwa mengine ya jicho. Mwaka 2009 watafiti wa Australia wakazipima vinasaba wakakuta si za panya mkubwa hata kidogo, ni za panya mdogo wa nyumbani. Mwaka 2013 wenyewe wa Texas wakafuatilia kwenye friji zao na kukiri hadharani: ni seli nyingine kabisa zilizokuwa zikikuzwa mahali pamoja, za jamii ya zile zinazopokea rangi. Lebo ilikuwa ya uongo kwa miaka 12. Mimi hao waliokiri nawaheshimu kweli, maana wangeweza kunyamaza. Ila niliwaza ni wangapi waliziangalia zikigawanyika kila siku, ilhali wanajua neva haigawanyiki, wakajiambia ah, tuendelee tu.

Turudi kwenye chupa ya pinki. Harry Eagle ndiye aliyeorodhesha mahitaji ya seli miaka ya 1950, kwa kutumia hasa seli za panya na zile za saratani. Renato Dulbecco akaiboresha 1959 ikiwa na gramu 1 ya glukosi kwa lita, yaani kama 5.5, damu nzuri kabisa. Baadaye likatoka toleo la 4.5, kwa sababu seli zinazogawanyika haraka ni walafi na mtafiti hataki kuja kubadilisha chakula Jumapili. Chakula maarufu cha neva, alichotangaza Gregory Brewer na wenzake 1993, nacho kina 25. (Huyo Brewer nampa heshima yake, 1997 alionyesha inawezekana kukuza hata neva za ubongo wa panya wazima.) Kwa hiyo mtu anayetaka kusoma kisukari kwenye neva za retina akitumia chakula hicho bila kufikiri, hizo anazoziita nzima zinaogelea kwenye 25, halafu "wagonjwa" anawapandishia mpaka 50. Damu ya nani ina 50? Wanaofanya vizuri huzishusha taratibu zizoee 5, ndipo wanapandisha. Na pembeni wanaweka sahani ya tatu yenye manitoli, sukari ambayo seli haiwezi kuila, ili wajue kama kinachoua ni glukosi kweli au ni uzito wa maji tu. Hiyo sahani ya tatu ndiyo naangalia kwanza siku hizi nikisoma makala. Isipokuwepo, nafunga.

Kuna jambo moja nililisoma nikampigia mama mdogo simu saa tano usiku. Mwaka 1987 Ronald Engerman na Timothy Kern waliwaacha mbwa wenye kisukari na sukari ya juu miaka miwili na nusu, macho yakiwa bado karibu mazima, halafu wakaishusha vizuri kwa miaka mingine miwili na nusu. Macho yakaharibika vilevile. Mwaka 1990 Sayon Roy na Mara Lorenzi wakaona jambo kama hilo kwenye sahani, seli za mishipa zilizowahi kukaa kwenye sukari nyingi ziliendelea na tabia mbaya hata baada ya kurudishiwa sukari ya kawaida. Seli inakumbuka. Ndiyo maana "bibi unaendelea vizuri" ilikuwa kweli kwenye kidole na si kweli kwenye jicho.

Na kwetu Tanzania? Nilidhani sitapata kitu, kumbe tuna historia yetu nzuri tu. Kati ya 1981 na 1987 pale Muhimbili, Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao walisajili wagonjwa wapya wa kisukari 1,250 na kuwafuatilia mmoja mmoja. Ilipofika mwanzo wa 1989, 205 walikuwa wanajulikana kuwa wamefariki. Mwaka huohuo 1989 wakatoa utafiti wa vijiji sita, watu zaidi ya 6,000 wakanyweshwa maji ya glukosi na kupimwa damu. Waliokutwa na kisukari walikuwa kama 1 tu kati ya 100. Kwa hiyo bibi hakuwa mjinga aliposema ni ugonjwa wa mjini. Alikuwa anasema ukweli wa mwaka 1989! Utafiti wa nchi nzima wa 2012 ulikuta kama asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na vigezo havifanani kabisa, msivibandike tu pamoja, lakini mnaona mwelekeo.

Na macho je? Mpango wa KCMC wa kupiga picha macho ya wenye kisukari mkoani Kilimanjaro, kuanzia mwishoni mwa 2010 hadi mwisho wa 2014, ulikagua watu zaidi ya 3,000. Kati ya kila 100, kama 28 walikuwa na madhara kwenye retina. Wengi wao picha hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza maishani. Hiyo ni Kilimanjaro, yenye KCMC mlangoni. Sisi Mbulu tuna Haydom, hospitali iliyofunguliwa 1955, imezalisha na kutibu nusu ya ukoo wangu, mimi nikiwemo. Lakini kumtoa bibi kwetu mpaka Moshi ni kushuka ule mteremko wa Magara, Babati, Arusha, ndiyo Moshi. Kwa mtu aliyeanza kuona moshi na anaambiwa sukari imeshuka, kwa nini ateseke njia yote hiyo?

Kuhusu kukuza neva za retina za watu wazima, kazi inaendelea. Mwaka 2022 Frans Vinberg na wenzake wa Utah walitangaza kwamba retina za watu waliochangia macho baada ya kufa, zikiwahishiwa oksijeni na virutubisho ndani ya saa chache, zinaweza kuanza tena kuitikia mwanga na kupashana habari. Za watu wazima, za binadamu. Nilimweleza bibi hilo kwenye simu jana, naye akanyamaza kidogo.

"Mume wangu," akasema, "hizo za kwenye sahani, zinaona nini?"

Nikamwambia karibu zote hazioni kitu, zimekatwa kutoka kwa wenzake. Ila kuna chache sana, mwaka 2002 iligundulika, zile za mkia mrefu ambazo zinahisi mwanga zenyewe bila kuambiwa na mtu. Hazichori picha. Kazi yake ni kuujulisha mwili kwamba kumekucha.

"Basi hizo bado ninazo," bibi akasema, "hata huku kushoto."

Miadi yake ya Moshi ni tarehe 14 mwezi ujao. Bumu likiingia kabla ya hapo nampeleka mwenyewe, mama mdogo apumzike. Likichelewa, jamani, nani ana elfu sitini ya kunikopesha?